Ngumi ya Pasaka

Simu ya Anande iligonga ukuta, ikagonga kabati, ikaanguka sakafuni na kuendelea kuongea. Ilikuwa ya vitufe, zile ambazo hata uzitumbukize kisimani zitatoka na chaji.

"Haloo? Mama Brenda, upo?" sauti ya nesi iliita kutoka chini ya meza. "Basi ni kama nilivyosema, Jumatatu asubuhi uje kulazwa, Jumanne upasuaji. Na watu wawili wa kutoa damu, usisahau."

Aminieli aliinama, akaiokota, akaibana kwa kidole gumba kama mtu anayeua kupe.

"Nilishasema huendi."

"Baba Brenda, nisipokwenda nitakufa."

"Utakufa? Shangazi yako alikaa na goita miaka mingapi? Amekufa?" Alimshika taya kwa mkono wa kushoto, akamgeuza uso huku na huku kama anayekagua kichwa cha mbuzi mnadani. "Ukipanda kile kitanda, umenipeleka jela. Unanisikia? Jela!"

Aminieli alikuwa na bucha Ngarenaro, na alikuwa mtu wa shoto. Wateja walipenda kumtazama akishusha shoka kwenye gogo kwa mkono usiotarajiwa. Watoto walisimama dirishani kuhesabu ameligawa paja kwa mapigo mangapi. Mkono huohuo, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, bucha ikiwa imefurika, ulimshukia Anande kifuani upande wa kulia, kisa ameuza maini yaliyokuwa yamewekewa mzee wa kanisa. Ngumi moja tu. Anande alikaa chini juu ya ndoo ya utumbo. Mteja mmoja alisema, "Pole, shemeji," kisha akageukia mizani akaomba aongezewe steki.

Masika yalipokatika, mahali palepale pakawa na kitu kigumu kama kokwa la parachichi.

Nyumba ile haikuhitaji daktari kupiga hesabu. Ngumi imeingia, uvimbe umetoka. Aminieli aliamini hivyo, Anande aliamini hivyo, na dada yake Aminieli, Elinaza, aliyeishi kwao Machame, aliamini hivyo hata kabla hajaambiwa. Kichwani mwa Aminieli, siku madaktari watakapolifungua ziwa watakuta vifundo vyake vya vidole vimepigwa humo waziwazi, kama mhuri wa mkaguzi kwenye paja la ng'ombe. Watauliza PF3, ile karatasi ya polisi ya mtu aliyepigwa. Muuza mkaa mmoja wa Levolosi alimng'oa mkewe jino, hospitali wakadai hiyo karatasi, na hivi sasa alikuwa gereza la Kisongo akipalilia mahindi ya serikali.

Kwa hiyo tusimwonee Aminieli tukasema hakumjali mkewe. Alimjali sana. Alimjali kama mwizi anavyoujali mlango alioacha alama za vidole.

*

Benchi la kliniki lilikuwa na wenyewe. Mwanzoni kabisa alikaa Fransiska, muuza vitunguu wa soko la Kilombero, amejiachia kana kwamba ndiye analipia kodi ya pale. Alikatwa ziwa la kushoto mwaka uliopita, na mahali pake alivaa kifuko cha ulezi. Pembeni yake alikaa Mama Gurmeet, Singasinga, mjane wa fundi magari, aliyezaliwa Ngarenaro hiyohiyo na kuyajua matusi ya gereji kuliko mafundi wenyewe. Naye alikuja kuangaliwa tu siku hizi; kisu alishamalizana nacho.

"Shikamoo, Mama Gurmeet."

"Marahaba, mwanangu. Hilo taya limefanya nini?"

"Niligonga mlango."

"Mlango wenu una vidole vinne na gumba," alisema Fransiska. "Kaa hapa. Wamekupa siku?"

"Jumatatu nalazwa."

"Haya, shoga, fungua masikio. Usiogope kisu. Kisu kikifika wewe umelala fofofo, unakoroma. Kitakachokutesa ni sufuria."

"Sufuria?"

"Ukitoka pale, huu mkono wa kulia haupandi. Utasimama mbele ya shelfu, chumvi iko kule juu inakucheka, na wewe unalia kama mtoto. Mimi nililia kwa sababu ya kiberiti! Kwa hiyo ukifika nyumbani shusha kila kitu. Sufuria, sukari, chumvi, kiberiti. Vyote vikae chini ya kiuno. Na anza leo kutumia mkono wa kushoto. Beba kikapu kwa kushoto, fungua mlango kwa kushoto."

"Mlango wa kweli, siyo ule," alidakia Mama Gurmeet, akatoa mfukoni kimto kidogo cha kitambaa cha zambarau. "Hiki unaweka kwapani. Usipoweka, mkono unasugua kidonda, utatukana mpaka mapadre. Na blauzi ya vifungo mbele. Mtu asikudanganye na gauni la kuvaa kichwani."

Anande alikishika kimto. Kilikuwa chepesi, kimeshonwa kwa mkono, na nyuzi za pembeni zilikuwa zimerudiwa mara mbilimbili.

"Na baadaye?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Hapa patakaa nini?"

"Ulezi," alisema Fransiska, akajipiga kifua pah! mpaka mzee mmoja wa benchi la pili akageuka. "Ukiweka mchele, ukicheka unalia kama njuga. Ulezi umetulia, unakaa kama wa kuzaliwa nao. Ila usinyeshewe. Mimi nilinyeshewa mwezi wa nne, nikasahau kuanika, siku ya tatu unaota. Kidogo nikoroge pombe ya mbege."

Walicheka wote watatu, na Anande akashtuka kusikia kicheko chake mwenyewe, kama mtu aliyekutana na ndugu mjini bila kutarajia.

Kisha likaja la damu. Wao wagonjwa hawaruhusiwi kutoa. Mwanawe Mama Gurmeet angetoa chupa moja. Mume wa Fransiska alihama nyumba wiki ileile ziwa lilipotoka, "sijui alikuwa ameoa lipi." Chupa ya pili ilibaki hewani.

"Ya pili lazima itoke kwenu," alisema Fransiska.

"Kwetu?" Anande aliuliza, kama aliyeambiwa ikatoke mwezini.

Jina lake likaitwa. Daktari Hope alikuwa binti mdogo ambaye Anande angeweza kumzaa, mwenye miwani mikubwa na sauti isiyo na haraka. Alimweleza watakapokata na watakapoishia. Anande aliitikia kila kitu. Alipofika mlangoni alirudi.

"Daktari. Ule mlango niliogonga wakati wa Pasaka. Ndio ulioleta hiki?"

Daktari Hope alilitazama lile taya. "Mama, kaa kidogo. Mlango hauleti saratani. Hata ngumi haileti, hata teke. Uvimbe wako ulikuwepo kabla ya Pasaka. Pigo lilikufanya tu uanze kupapasa pale. Lakini huo mlango, siku ukitaka kuusema, niambie. Nitakuelekeza pa kwenda."

Anande alitoka nje akisubiri nafuu imjie. Haikuja. Kilichokuja ni hasira, hasira mbichi, ya moto, ambayo hakuijua ilikuwa imelala wapi. Miezi yote ile alimbebea Aminieli kosa ambalo si lake, akamfichia, akamdanganyia manesi. Na kosa lake halisi, lile la kumwangusha mkewe kwenye ndoo ya utumbo mbele ya wateja, lilipita bila kubebwa na mtu.

"Amesemaje?" aliuliza Fransiska.

Anande akawaambia.

"Utamwambia mwenye mlango?"

"Bado."

"Usimwambie akiwa na shoka," alisema Mama Gurmeet.

*

Jumamosi jioni alianza kushusha vyombo. Alitumia mkono wa kushoto, polepole, akijifundisha: sufuria kubwa, sufuria ya maziwa, kopo la chumvi. Blauzi ya vifungo aliyonunua mtumbani ilikuwa imekunjwa juu ya kiti, na juu yake kile kimto cha zambarau.

Aminieli aliingia akinuka mafuta ya ng'ombe. Alisimama akatazama shelfu tupu.

"Unahama?"

"Nashusha tu."

"Kwa nini unashusha?"

"Nikitoka hospitali mkono hautapanda."

Alikwenda kwenye kiti, akainua ile blauzi, akaishika kola kwa mikono miwili na kuipasua katikati. Vifungo viliruka vikabingirika mpaka chini ya jiko. Kisha akamgeukia mwenyewe. Kofi la kwanza lilimpeleka mlangoni, la pili likamrudisha. Alimburuta kwa nywele hadi kwenye shelfu, akalishika shelfu lenyewe na kuling'oa. Mbao, misumari na vikombe vya harusi vikamwagikia mgongoni mwa Anande. Alipojaribu kuinuka, Aminieli alimpiga teke la paja, akampiga la mbavu, akamkanyaga mkono wa kulia, akausagia kisigino chake juu yake.

"Huu ndio hautapanda? Haya! Usipande!"

Safari hii alikiepuka kifua. Alikuwa mtu wa kujifunza.

Kwa jirani redio iliongezwa sauti, kama ilivyo desturi ya ujirani mwema.

Aminieli alipotoka kwenda kunywa, Anande alibaki amelala ubavu kwenye saruji. Alikuwa na damu mdomoni na sikio moja lilivuma. Mbele ya macho yake kulikuwa na sufuria, chumvi, sukari na kiberiti. Kila kitu katika nyumba ile sasa kilikuwa chini ya kiuno.

Alinyoosha mkono wa kushoto chini ya jiko, akaanza kukusanya vifungo.

*

Mtu aliyepiga vile hulala vibaya, si kwa huruma, kwa hesabu. Asubuhi Aminieli aliuona uso wa mkewe kwenye mwanga, akaona mahindi ya serikali yakiota juu yake. Alipiga simu Machame. Baada ya ibada ya Jumapili walikuwa wameshafika: baba yake mdogo, Mzee Ebenezer, amevaa koti la harusi na misiba, na Elinaza, amebeba dumu la mbege. Mzee alikuwa na jani la isale mkononi, refu, bichi, lililokatwa kwenye ua wa kaburi la babu na kufungwa fundo.

Kwa Wachaga hakuna mzaha na jani hilo. Aliyekosa akija na isale, aliyekosewa hakatai. Watu wamesamehe mauaji kwa isale. Anayelikataa, laana humfuata yeye na kizazi chake, na Anande alikuwa na Brenda chuoni Dodoma.

Bahati nzuri au mbaya, Fransiska na Mama Gurmeet walikuwa wametangulia. Walileta mtori wa ndizi na nyama kwenye chupa kubwa ya chai, maana mgonjwa aendaye kukatwa hulishwa kama mzazi. Walipouona uso wa Anande, Mama Gurmeet alisema neno moja la gereji, akaanza kumlisha kwa kijiko. Fransiska alichukua blauzi iliyopasuka, akatafuta sindano, akakaa kwenye kona anashona.

"Hawa ni nani?" aliuliza Elinaza.

"Ni wenzangu."

"Wenzako? Haya maziwa mojamoja ndiyo yanakudanganya?" Elinaza aliketi, akakunja kanga magotini. "Wifi, wazee walisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Umelala na huo uvimbe, umepika nao, umekwenda nao kanisani. Leo ndio mzito?"

Fransiska aliweka sindano chini. Aliingiza mkono ndani ya blauzi yake, akachomoa kifuko cha ulezi, akakitua mezani mbele ya Elinaza. Kilikuwa bado na joto la mwili.

"Hilo ndilo ziwa langu, mama. Kolezea dumu lako la mbege. Langu la kwanza nililifanya nundu kama unavyosema, nikachelewa, wakalitoa na nyama ya kwapa."

"Tulieni," alisema Mzee Ebenezer. "Tumekuja kwa heshima." Alisimama, akamnyooshea Anande isale kwa mikono miwili. "Mama Brenda. Mtoto wetu amekosa. Ukoo unakuomba umsamehe, na haya mambo yaishie humu ndani. Yasifike polisi, yasifike hospitali."

Aminieli alikuwa ameketi karibu na mlango, anatazama viatu vyake. Anande alisimama kwa shida. Alilitazama jani, fundo lake, maji yaliyokuwa yanatoka kwenye mkato. Akalipokea kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa umevimba.

"Nimepokea."

Elinaza alishusha pumzi. "Asante Yesu."

"Lakini, baba," Anande alimwambia Mzee Ebenezer, "isale hii imeletwa kwa kosa gani?"

"Unalijua."

"Nalijua. Nataka nilisikie. Isale haiombi radhi kwa kosa lisilo na jina. Ulinifundisha wewe mwenyewe, siku ya kesi ya mpaka wa shamba."

Mzee alikuna kidevu. Akageuka. "Aminieli, taja."

"Baba, si umeshasema..."

"Taja!"

"Nilimpiga." Sauti ilitokea puani. "Wakati wa Pasaka. Ngumi. Ya kifua."

"Mbele ya nani?" aliuliza Anande.

"Mbele ya watu."

"Na jana?"

"Na jana."

Kwa jirani redio ilizimwa.

"Nimekusamehe," alisema Anande. "Sasa, baba, aliyesamehewa hutoa nini?"

"Mbuzi," alijibu Mzee. "Au atakachotaja aliyepokea."

"Mbuzi simtaki. Bucha nzima ni nyama, nitafanya nini na mbuzi? Hospitali wanataka damu chupa mbili. Moja ninayo. Nyingine nataja ni yake. Kesho asubuhi."

Elinaza aliruka. "Unataka kumnyonya ndugu yangu! Tumekuja kuomba usiende hospitali, wewe unampeleka na yeye!"

"Mlikuja na sharti," alisema Anande, "lakini isale haiji na sharti. Mngetaka masharti mngekuja na karatasi ya mkataba. Mmekuja na jani la kaburi la babu."

Wote wakamtazama Mzee Ebenezer. Alikuwa mtu wa kupenda amani, hasa amani isiyomgharimu, na ungeona wazi jinsi alivyotamani awe amebaki Machame. Lakini alilikata jani lile kwa mkono wake, kaburini, akitaja majina ya mababu.

"Ameshapokea," alisema mwishowe. "Aminieli, utakwenda. Usipotoa, isale itakurudia wewe, na mimi niliyeibeba. Mimi ni mzee. Sitaki kufa kwa ajili ya mkono wako wa kushoto."

Fransiska alirudisha ziwa lake mahali pake, akauma uzi kwa meno. Blauzi ilikuwa tayari. Kifungo kimoja kilikosekana, aliweka pini.

*

Chumba cha damu kilinuka spiriti. Gurmeet alishamaliza, alikuwa amekaa na chupa ya soda anachezea simu. Aminieli alilala kwenye kiti kirefu, jasho linamtoka. Mtu aliyechinja ng'ombe tangu ujana alifumba macho kabla sindano haijafika.

"Mkono upi, baba?"

"Kushoto una mishipa zaidi," alisema Anande, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikapu chake.

Nesi alipapasa, akachoma. Mfuko ulianza kujaa, mwekundu mzito, ukitikisika kwenye mashine kama kitu kinachopumua. Aminieli hakufumbua macho mpaka mwisho. Nesi alikandamiza pamba, akabandika plasta.

"Nyoosha mkono hivihivi. Leo usibebe kitu kizito, usikate nyama, usikunje ngumi. Ukikunja, damu itatoka. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

Walitokea kwenye korido. Fransiska na Mama Gurmeet walikuwa wanasubiri kwenye benchi, mmoja ana kimto, mwingine ana chupa ya mtori. Aminieli alitembea mkono umenyooka pembeni kama wa mtu mwingine. Mbele ya mlango wa wodi alisimama.

"Mama Brenda. Damu nimetoa. Ugonjwa niliokupa... umenisamehe kweli? Daktari akikuta ile alama humo ndani..."

"Hatakuta alama."

"Unajuaje?"

"Uvimbe haukutoka kwenye ngumi yako. Daktari aliniambia. Ulikuwepo kabla ya Pasaka."

Uso wa Aminieli ulifunguka wote. Kwa mara ya kwanza tangu masika alionekana kijana. "Si mimi? Wallahi si mimi?" Mlutheri yule akaapa kwa kiapo cha jirani, akacheka, akaangalia huku na huku akitafuta wa kumwambia. "Kwa hiyo sina kosa!"

"Ngumi ulipiga," alisema Anande. "Ulitaja mwenyewe. Ugonjwa siyo wako. Ngumi ni yako."

Kicheko kilikwama. Ungeweza kuona fikra ikipanda taratibu, ngazi moja moja.

"Alikuambia lini?"

"Wiki iliyopita."

"Kwa hiyo jana... mbele ya baba mdogo, mbele ya dada... ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Mkono wa kushoto ulijikunja wenyewe. Hakuwa ameuagiza, haukuwa umezoea kuagizwa. Vidole vilifumba, vifundo vikawa vyeupe, kiwiko kikarudi nyuma. Fransiska aliinuka kwenye benchi. Mama Gurmeet aliinuka. Anande hakurudi nyuma hata hatua.

Plasta ikabanduka. Damu ilichirizika kutoka kwenye kiwiko, ikateremka mkononi, ikajaa kwenye ngumi na kuanza kudondoka sakafuni, juu ya viatu vyake vya Jumapili. Watu wa korido nzima wakageuka.

"Wewe baba!" Nesi alitoka mbio na pamba. "Nilikuambia nini? Fungua mkono!"

Aminieli aliitazama ngumi yake. Alionekana kweli hajui inafunguliwaje.

Anande alikibadilisha kikapu kutoka mkono unaouma kwenda wa kushoto, akausukuma mlango wa wodi kwa mkono huohuo kama alivyofundishwa. Wenzake wawili wakamfuata.

"Fungua mkono, baba," nesi alikuwa akisema nyuma yao. "Haitakoma mpaka ufungue. Fungua."